"Ilikuwa inakuja mbio sana" haitoshi, lakini si uongo

Kaa kortini siku ya kesi za ajali huku Kenya, lazima utasikia shahidi anasema "matatu ilikuwa inakuja mbio sana". Wakili wa upande wa bima anasimama, mbio kiasi gani? Shahidi anababaika, kama mia na ishirini hivi. Ulikuwa na mashine ya kupima spidi? Kimya. Ushahidi umeshachafuka hapo na pengine mtu wa watu alikuwa anasema ukweli mtupu.

Mimi naona tunawaonea hawa mashahidi. Mama anayechoma mahindi pale steji anaona magari yakipita kutwa nzima, usiniambie hajui gari linalokimbia na linalojikokota, hilo halitaki digrii. Sheria yetu ya Ushahidi kifungu cha 48 inaruhusu maoni ya wataalamu, sawa, ila Marekani kanuni yao ya ushahidi namba 701 inasema wazi kwamba hata mtu wa kawaida anaweza kutoa maoni bora yatokane na alichokiona mwenyewe na yaisaidie korti, na mwaka 2000 wakaongeza kwamba yasiingilie mambo ya kitaalamu.

Kinachoharibu ni ile namba. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali halafu wakawauliza spidi, walioulizwa magari "yalipopondana" walikadiria maili 40 na ushee kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" wakasema 32 hivi, yaani filamu zilezile, swali tu limebadilishwa! Sasa wewe wakili unamlazimisha mama wa mahindi akupe kilomita za nini?

Tuseme matatu imemgonga mtu wa bodaboda. Muulize huyo mama alikuwa amesimama wapi. Alisikia breki kwanza ama kishindo kwanza? Yule wa bodaboda alirushwa akaangukia wapi, na matatu ilienda kusimama wapi baada ya kumgonga? Akikwambia hakusikia breki kabisa, pikipiki ikaburutwa kutoka kwenye tuta mpaka geti la shule, hapo hakimu anajua hiyo spidi ilikuwaje hata bila namba.

Ila asiulizwe nani mwenye makosa, hiyo ni kazi ya hakimu. Na hapa nitawaudhi wengi: hata yule afisa wa trafiki anayekuja na OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, kusema dereva wa matatu alaumiwe, kama alifika watu wameshabebwa hospitali na hata mchoro wa eneo hana, sioni kwa nini neno lake limpiku mama aliyekuwepo, ati kwa sababu ya yunifomu.

Maana ushahidi ukikosa mguu, mara nyingi hakimu anaishia kugawa lawama nusu kwa nusu, na majeruhi anapoteza nusu ya fidia yake hivihivi kwa maswali ambayo wakili wake mwenyewe hakujisumbua kuuliza.