Bega Lililonunua Mawese

Mnada wa kanisani hauna huruma. Ibada ikiisha, sadaka za mazao zinapangwa nje chini ya mwembe: kuku, mikungu ya ndizi, mihogo na, kwa kuwa huku ni Kigoma, madumu ya mawese. Anayenadi kwetu Gungu ni mzee wa kanisa mwenye sauti ya kondakta. Akishakuona umenyoosha mkono, umekwisha.

Mimi bega langu la kulia halijatulia tangu nikiwa golikipa wa shule. Nilirukia mpira wa kona, nikaangukia mkono, bega likachomoka, na tangu hapo likajua njia. Limeshatoka nikivaa shati. Limeshatoka nikirusha kamba ya mtumbwi Kibirizi. Usiku mmoja lilitoka usingizini, mke wangu akadhani tumevamiwa.

Basi mzee akanyanyua dumu la lita tano. "Elfu kumi na tano! Nani anaongeza?" Nikanyoosha mkono, tena kwa mbwembwe, nikaupeleka hadi nyuma ya kichwa ili anione vizuri. Kwachu!

Bega likatokea mbele, kama kawaida yake. Mkono ukakwama pembeni, hauendi juu, haurudi chini.

"Aaaa!"

"Arobaini!" mzee akaitikia. "Kapanda hadi arobaini! Ubarikiwe, Baba Neema!"

"Bega! Bega!"

"Anasema anabeba! Elfu arobaini mara ya kwanza..."

Vigelegele. Kwaya ikadaka wimbo. Mama Neema peke yake ndiye aliyeusoma uso wangu.

Akatokea jirani yetu, fundi baiskeli. "Haya madogo, nimeshayarudisha mengi," akasema, huku akivua kiatu ili anikanyage kwapani avute mkono. Mama Neema akasimama katikati. "Shemeji, vaa kiatu chako." Alishaambiwa zamani kwamba bega likivutwa ovyo, mfupa unaweza kuvunjika, au neva na mishipa ya damu ikaumia.

Tukapanda bajaji, mimi na mke wangu na dumu. Hospitali, daktari akanigusa upande wa nje wa bega akiuliza kama nahisi, maana kuna neva hapo ambayo huumia kirahisi. Akapima mapigo mkononi, kisha eksirei. Hakuna kilichovunjika. Nikachomwa sindano ya maumivu, nikalazwa kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mkono unaning'inia.

"Sasa nahitaji uzito wa kilo nne, tano hivi," akasema, akiangaza chumbani. Macho yakatua kwenye dumu.

Dumu likafungwa kwa bendeji kwenye kifundo cha mkono wangu. "Usilishike kwa vidole, misuli itakaza. Legea tu." Legea! Mtu kapigwa elfu arobaini, harufu ya mawese inampanda puani, aambiwe alegee. Lakini misuli nayo ilichoka kubishana. Baada ya kama robo saa, kluk, bega likarudi lenyewe.

Eksirei ya pili ilipothibitisha, daktari akanieleza. Mfupa wa mkono umekaa begani kama chungwa juu ya kisahani. Kinachouzuia usiteleze ni ukingo wa gegedu pamoja na kano, na vikichanika ukiwa chini ya miaka 20, mara nyingi havishiki tena sawasawa. Mkao mbaya kuliko yote ni mkono kwenda juu na nyuma kwa pamoja. Yaani ule ule wa mbwembwe.

Nikafungwa kitambaa shingoni kwa wiki chache, baada ya hapo mazoezi: tyubu ya baiskeli ifungwe kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kibane mbavu na taulo lililokunjwa, niivute tyubu kwenda nje polepole. Likiendelea kutoka, ni upasuaji wa kuushona ule ukingo, pengine kule MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Nikazifikiria kilomita zaidi ya 1,200 za reli hadi Dar, nikaona tyubu ni kitu kizuri sana. Anayeuza, kwa bahati, ni yule yule fundi. Alinipunguzia bei, akauliza tena kama nisingependa anivute kidogo tu.

Jioni ya siku ile ile ya mnada, mhazini wa kanisa alibisha hodi. "Pole sana, Baba Neema. Tumekuombea. Sasa, kuhusu ile elfu arobaini..."

Nikamwonyesha mkono uliofungwa shingoni.

"Usihangaike, baba," akasema, akinipa karatasi yenye namba ya kanisa. "Kwa simu, mkono mmoja unatosha."