Legatio ni ujumbe, si ubalozi

Kila nikikuta legatio imetafsiriwa "ubalozi" kwenye daftari la mwanafunzi wangu wa Kilatini, naikata na kuandika "ujumbe". Wengine huniona mkorofi. Sababu ninayo.

Neno limetokana na kitenzi legare, kumtuma mtu kwa mamlaka, chenye undugu na lex, sheria. Aliyetumwa ni legatus. Kiambishi -tio nacho huunda jina la tendo, lenye jinsia ya kike, la kundi la tatu la majina ya Kilatini. Basi legatio kwanza ni kule kutumwa kwenyewe, kisha kazi aliyopewa mtu, kisha watu walioifuata kazi hiyo. Jengo lenye bendera na foleni ya viza halimo. Warumi wa kale hawakuweka balozi za kudumu ugenini.

Caesar, jemadari wa Kirumi, anasimulia kwamba Orgetorix, mkuu wa kabila la Wahelveti, "sibi legationem ad civitates suscepit": alijitwika mwenyewe legatio ya kwenda kwa makabila. Jengo mtu hajitwiki. Jina la Kilatini hubadili mwisho wake kufuata kazi yake katika sentensi; itazameni basi ile n, ambayo umbo la kwanza huificha: legatio, lakini legationis, legationi, legationem, legatione. Anayekariri legatio peke yake akikutana na legationem atadhani ni neno jingine kabisa, na nimewaona wengi wakikwama hapo hapo.

Sisi tunalo neno linaloifanya kazi hiyo hiyo. Mjumbe na ujumbe, kama legatus na legatio. Twasema "ujumbe wa Kenya umewasili", yaani watu. Twasema "amepewa ujumbe", yaani alichotumwa. Ile u- inabeba mzigo uleule wa -tio.

Balozi ana ukoo wake, na inafurahisha kwamba nao unaishia Roma. Neno lilipita kwa Waturuki, balyos, waliolipata kwa bailo, mwakilishi wa Venice kule Istanbul. Na bailo ametoka kwa baiulus, mchukuzi wa mizigo. Nalipenda sana neno hili. Ila baiulus si legatus.

Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walisikia vizuri. Katika 2 Wakorintho 5:20, pale Kilatini kinaposema "pro Christo ergo legatione fungimur", wao wameandika: "Basi tu wajumbe kwa ajili ya Kristo." Huwa nawaandikia wanafunzi mistari hiyo miwili ubaoni, mmoja juu ya mwingine, na legatione naipigia mstari.