Historia ya shule zetu za Tanga ipo, ila wenye nayo hatuwaulizi

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alikuja kunisalimia. Yupo fomu faivu hapa hapa Tanga, kombi ya HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, na ni kijana msomaji kweli, kila nikimkuta ana daftari mkononi. Tukakaa barazani tunakunywa kahawa na kashata, nikamuuliza hivi unajua hapa mjini kulikuwa na shule yenye mtambo wake wa kuchapia, na gazeti la Kiswahili likatoka humo likasambaa nchi nzima, tena kabla bibi yangu mimi hajazaliwa? Akaniangalia kidogo akasema, "Mjomba, hiyo kwenye silabasi haipo."

Sikumlaumu hata kidogo. Ila usiku ule sikulala vizuri, na ndo maana naandika.

Shule ninayoisema ni ile ya Tanga, ambayo leo wengi tunaiita Tanga Tech. Mjerumani aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ikaja kuwa shule ya kwanza ya serikali katika koloni lake lote la Afrika Mashariki. Sasa hebu fikiria ule wakati. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Mjerumani, alinyongwa pale Pangani Desemba 1889, safari ya muda mfupi tu kutoka hapa, na haikupita miaka mingi wale wale waliomnyonga wakaja Tanga kuwaambia wazazi leteni watoto wenu tuwafundishe kusoma. Mi nikifikiria mzazi wa siku zile namuelewa kabisa aliyegoma, manake kamba ya Abushiri hata haijaoza unaambiwa mpeleke mwanao kwa mtu yule yule.

Na tusidanganyane hapa, Mjerumani hakuijenga kwa mapenzi na sisi. Alikuwa anataka makarani, anataka walimu wasaidizi, anataka maakida wa kwenda vijijini kusimamia amri zake na kukusanya ile kodi ya nyumba iliyoanza mwishoni mwa miaka ile ile ya 1890. Kuna wazee wetu wanapenda kusema Mjerumani alikuwa mkali ila alitusomesha, mi sikubaliani nao, alisomesha watu wachache aliokuwa na shida nao. Ila kuna kitu alikifanya kwa sababu zake mwenyewe kikaja kutufaa sisi. Shule ile haikufundisha dini. Wamisheni walikuwa na shule zao, wale wa Magila kule Muheza walishakuwepo siku nyingi, lakini Muislamu wa pwani hakuwa tayari kumpeleka mtoto shule ya padri. Serikali ikafungua shule ambayo mtoto anatoka chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani anaenda kusoma hesabu na kuandika, na lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Wamisheni walilalamika sana kuhusu hilo, serikali haikuwasikiliza.

Kwa hiyo watoto waliokuwa wanajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama babu zao walivyoandikiana barua na tenzi karne na karne, wakafundishwa kukiandika kwa hizi herufi tunazotumia leo kwenye simu. Wapo waliofundishwa ufundi, uchapaji ukiwemo. Kulikuwa mpaka na bendi ya wavulana wa shule wanapuliza matarumbeta. Na mwaka 1904 likaanza gazeti linaitwa Kiongozi, linachapwa hapo hapo shuleni, likaendelea mpaka wakati wa vita. Ni gazeti la serikali ya kikoloni, hilo lazima tuseme, liliandika ya kumfurahisha bwana mkubwa. Lakini ndani yake kulikuwa na barua za watu weusi, makarani na walimu waliosambazwa huko bara, wanaandikiana habari na mashairi kwa Kiswahili. Mtu yupo mbali huko ndani ya nchi anamsoma mwenzie aliyeko pwani. Waingereza walipokuja kuichukua Tanga 1916 na baadaye nchi nzima, walikuta jambo ambalo wenyewe waliliandika kwenye ripoti zao, kwamba wanaweza kumwandikia akida au jumbe wa kijijini barua kwa Kiswahili na akawajibu kwa maandishi.

Sasa mtoto anayesoma Historia na Kiswahili, katika mji huo huo, hajui. Anajua mkutano wa Berlin 1884, anajua sababu saba za Mapinduzi ya Viwanda Uingereza, anazitaja bila kuvuta pumzi. Vita vya nyuki vya Novemba 1914, pale Wahindi wa jeshi la Mwingereza walipotua hapa wakatimuliwa na risasi na nyuki, anavijua kidogo kwa sababu vinachekesha. Hiyo shule ndo haijui.

Nije kwa yaliyonipata mwenyewe. Mimi sikusoma Tanga Tech, nilisoma shule nyingine ya serikali hapa hapa mjini, ya bweni, fomu faivu na siksi, jina sitalitaja na mtaona kwa nini. Nilitokea Handeni na tranka langu la bluu, kufuli mbili, ndani nina godoro la kukunja na pakiti za biskuti alizonipa mama, zile biskuti hazikumaliza usiku wa kwanza maana njuka, yaani mwanafunzi mgeni, ukifika bwenini mali yako ni ya bweni zima. Tuliitwa njuka wiki nzima, unaimbishwa, unaambiwa upime urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti, unatumwa maji. Mengine yalikuwa mabaya na nashukuru siku hizi yamepigwa vita, sitaki kuyapamba hapa kwa kuwa tu ujana umepita.

Lakini kuna kitu nilikipata pale ambacho sijakipata tena popote. Kwenye kitanda cha juu yangu alilala jamaa wa Shinyanga, pembeni jamaa wa Bukoba, mbele yetu Mmakonde wa Newala, na mlangoni Mpemba mmoja ambaye wazazi wake walihamia Tanga zamani. Serikali ilikuwa inatuchanganya makusudi, unafaulu fomu foo Musoma unapangiwa Tanga, wa Tanga anapelekwa Songea. Jumamosi ya kwanza tulipopewa ruhusa ya kutoka tukashuka mpaka Raskazone, na yule jamaa wa Shinyanga alikuwa hajaona bahari maisha yake yote. Alisimama. Hakuongea. Baadaye akainama akachota maji kwa kiganja akaonja, akatema, akasema "kumbe kweli", basi, akakaa kwenye mchanga mpaka muda wa kurudi ukafika na sisi wengine tukakaa naye. Mimi wa Handeni nilishaiona bahari mara nyingi ila siku ile ndo niliitazama.

Yeye naye alitufundisha yake. Alikuwa anatusimulia ngoma za Wasukuma za msimu wa mavuno, zile za kushindana makundi mawili, mpaka taa zinazimwa. Na watoto wa Ngamiani walikuwa wanamsahihisha Kiswahili, sio kwa kumdharau, ndo tabia ya watu wa hapa, ukikosea ngeli mtu anakurekebisha huku anaendelea na stori yake. Ulipofika mtihani wa taifa yule Msukuma ndo alikuwa anaandika insha nzuri kuliko sisi wote.

Chakula ni kile kile mnachokijua wote mliopita shule za bweni. Uji asubuhi, ugali maharage mchana, ugali maharage usiku, wali ni Jumamosi na sikukuu. Mwenye hela alinunua bagia na mihogo ya kukaanga ya pilipili pale nje ya geti. Ila Ramadhani ilikuwa na utamu wake, daining walikuwa wanapika futari kwa ajili ya Waislamu na wenzetu Wakristo walikuwa wanakuja kukaa nasi mezani wanangoja adhana kabisa kama nao wamefunga, halafu Krismasi waliobaki shuleni bila nauli ya kwenda kwao walikuwa wanaitwa majumbani mwa madei skola, wale wanafunzi wa kutwa, huko Makorora na Mabawa kula pilau. Hakuna mwalimu aliyetupangia hilo. Na Coastal Union ikicheza Mkwakwani, hasa akija Simba au Yanga, nusu ya bweni haipo, mwalimu wa zamu anajua, naye hayupo.

Siku ambayo siwezi kuisahau ni tarehe 14 Oktoba 1999. Tupo darasani asubuhi, kengele ikagongwa wakati ambao sio wa kengele. Tukaenda mstarini. Mkuu wa shule hakuongea kitu, alikuwa ameshika redio ndogo ya mkononi, akaiinua juu tusikie sauti ya Rais Mkapa inatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Kulikuwa na vijana wawili wa Mara mstari wa mbele yangu, mmoja akakaa chini pale pale kwenye vumbi na shati lake jeupe. Hakuna aliyemwinua. Nasikia hata leo ule ukimya, wavulana zaidi ya mia tano na huwezi kusikia mtu anakohoa.

Sasa kwa nini nimeficha jina la shule. Miaka michache iliyopita nilipita pale kuomba kuangalia daftari za zamani, zile za matukio ya kila siku ambazo mwalimu wa zamu anaandika, nilitaka kuona siku ile ya Oktoba iliandikwaje. Nikaambiwa stoo ilisafishwa, wageni walikuwa wanakuja, makaratasi ya zamani yote yalichomwa nyuma ya jiko. Na picha je? Picha nazo. Mahafali zote, timu za mpira, walimu waliolala makaburini sasa hivi, vyote vimechomwa kwa sababu kuna mgeni anakuja na stoo inanuka panya. Aliyeniambia alikuwa kijana mpole tu, ametumwa, hata hakujua ananiambia jambo gani. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe nikashindwa kuwasha pikipiki.

Na shule ile sio mbaya kuliko nyingine, ndo linaloniuma. Nimeulizia shule tatu za zamani hapa mkoani, hadithi ni hiyo hiyo, kama sio moto basi mvua, kama sio mvua basi mchwa.

Maoni yangu mimi ni haya. Tangu 2016 serikali imeondoa ada mpaka kidato cha nne na 2022 ikafika mpaka cha sita, watoto wanaingia kwa wingi, madarasa yanajengwa, hayo ni mazuri na nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini shule ya zamani ni zaidi ya madarasa. Chumba kimoja tu kinatosha, hata kile cha kuwekea majembe, kipakwe chokaa, kiwekewe kabati la chuma ambalo mchwa hawali. Na kazi ya kukijaza wapewe wanafunzi wa Historia wenyewe, kila fomu faivu wakifika wapewe mtu mmoja wa kumhoji, anayeijua shule, wamrekodi kwa simu, waandike, mwalimu asahihishe awape na maksi. Hiyo ndo historia, mtoto atajua kumbe ushahidi unatafutwa, hauletwi na kitabu tu.

Na wasiende kwa wakubwa tu. Tukisema historia ya shule tunakimbilia orodha ya wakuu wa shule na waziri gani alisoma hapa. Nani alimuuliza mama wa jikoni? Shuleni kwetu kulikuwa na mama mmoja wa Kibondei, alianza kupika pale akiwa msichana na alipostaafu alikuwa na wajukuu. Alikuwa anajua nani ana vidonda vya tumbo, nani amefiwa, nani hajalipa ada amejificha asionekane ofisini, na sahani ya huyo alikuwa anaiweka pembeni chini ya sufuria. Alijua mwaka gani maharage yalikosekana wakala mihogo mitupu, alijua mgomo wa mwaka fulani ulianzia meza ya ngapi. Alikufa mwaka juzi. Tulienda kumzika Muheza, wanafunzi wake wa zamani tulikuwa wengi kuliko ndugu, na katika sisi wote hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye na kalamu.

Mwalimu wetu wa Jiografia yupo bado, anakaa huko barabara za juu Ngamiani, macho yamepungua ila kumbukumbu ipo, ukimtajia mwaka anakutajia mpaka namba ya kitanda chako. Nimeshampigia simu. Akaniuliza unakuja na nani, nikamwambia, mwalimu, nakuja na mpwa wangu, yupo HGK. Akasema basi njooni Jumamosi baada ya alasiri, na huyo kijana aje na daftari kubwa.

Mpwa wangu kanunua kaunta buku ya kwaya nne, ameandika maswali kumi na saba. La kwanza linauliza mwembe wa pale getini nani aliupanda.