Lushoto ndani ya jimu: kupanda tunaweza, kushuka je?

Baiskeli ya mlimani na darasa la spining, lile la kukanyaga baiskeli zisizotembea ndani ya jimu, ni watoto wa jimbo moja, California, lakini hawakulelewa nyumba moja. Ya mlimani ililelewa na mteremko. Mwaka 1976 vijana wa kaunti ya Marin walianza kushindanisha baiskeli zao kuukuu kwenye njia ya vumbi karibu na Fairfax, yenye urefu wa kilomita 3 na kidogo na inayoporomoka takriban mita 400. Breki zao za kukanyaga kinyumenyume zilipata moto hadi grisi ikaungua na kufuka moshi. Mtu akifika chini ilimbidi afungue habu, kitovu cha gurudumu, na kupaka grisi upya, na ndipo njia ile ikaitwa Repack, yaani "paka upya". Kupanda haukuwa mchezo wao kabisa, walisukuma baiskeli au walizipakia kwenye gari. Spining, kwa upande wake, ilitoka kwa Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akijinoa kwa mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Yeye alihitaji baiskeli ya ndani ya kukanyaga na kukanyaga tena, bila kusimama.

Kwa hiyo mwalimu anayesema "leo tunaenda mlimani" huku baiskeli zote zimetia nanga sakafuni anaozesha mchezo wa kushuka kwa mchezo usiojua kushuka. Ndoa hiyo inawezekana, lakini mahari yake si ndogo.

Mimi nafundisha Dar es Salaam, mji ambao ukitaka kilima cha maana inabidi uende Pugu. Masika yakiharibu njia za huko, waendesha baiskeli wanahamia ndani na kudai darasa la mlima. Nilichagua Lushoto, mji wa kwenye milima ya Usambara, kwa sababu naijua kwa mapaja yangu. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33. Unapanda takriban mita 1,000, unapita Soni penye maporomoko, halafu ukishafika mjini unaiacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu wa Magamba au Irente. Hadi Lushoto tu mimi natumia zaidi ya saa mbili. Darasa lina dakika 45, ikiwemo kupasha mwili na kujinyoosha. Kitu lazima kikatwe, na ubishi wote uko hapo kwenye cha kukata.

Mwalimu mwenzangu hakati kitu. Anaweka skrini kubwa yenye video ya msitu, sauti za ndege na feni inayopuliza kwa nguvu tukifika "Irente", na watu wanainama kulia na kushoto kwenye kona ambazo hazipo. Zamani nilimcheka. Siku hizi nacheka kidogo tu, maana hoja yake ina miguu. Anasema mtu aliyetoka kazini amechoka haji kufanya mizunguko 70 kwa dakika, anakuja kwenda mahali. Ukimwambia "bado dakika sita" anaangalia saa, lakini ukimwambia "bado kona tatu tuione Soni" anakanyaga. Na kuna jambo ambalo mlima wenyewe haulitoi: ndani ya jimu, mama wa miaka 60 na kijana wa ligi wanapanda mlima mmoja, bega kwa bega, kila mmoja na uzito wake kwenye nobu, kile kifundo cha kuzungusha kinachokaza gurudumu. Barabara ya Mombo ingekuwa imeshawatenganisha kabla ya kona ya pili. Hakuna lori la viazi linalokuja mbele yako, wala hakuna wa kununua baiskeli ya mamilioni ili ajaribu tu.

Hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuigiza mwendo wa mlima badala ya kuiga kazi yake.

Kazi ya mlima ni kutokuwa sawa. Kwenye lami mtu anaweza kushika mizunguko 85 dakika 20 nzima akiwaza mambo yake. Njia ya msituni haikupi dakika mbili. Mzizi unakutaka usukume kwa nguvu sekunde kumi, na ukishauvuka hupumziki, unarudi kwenye mpando uleule uliouacha. Mbio za nyika (cross-country) za baiskeli ya mlimani, zilizoingia Olimpiki Atlanta mwaka 1996, ni kama saa moja na nusu ya mateso ya aina hiyo. Hili linahamia ndani vizuri sana. Kwa Magamba naweka uzito wa kushika mizunguko 65, kisha bila kuonya napiga kelele "mzizi!", wanasukuma, wanarudi kwenye 65. Hakuna kupunguza nobu. Baada ya "mizizi" minane chumba kinanyamaza chenyewe.

Ila hapo kuna swali ambalo sijalimaliza. Mlima haukuambii mizizi iko mingapi, je, mimi niseme? Nilijaribu kutosema. Wazoefu walifurahi, wakasema ndivyo ilivyo kweli. Wageni walifanya kitu cha akili: walianza kubana nguvu. Ukiwatazama unaona mabega yanapanda na kushuka kwa juhudi kubwa, lakini gurudumu halikazi, maana hawajui watahitaji nini baadaye. Sasa nawaambia idadi, nikijua kwamba nimeipunguzia Lushoto Ulushoto wake.

Kuigiza mwendo ndiko kunakofundisha uongo. Kwenye udongo mlegevu ukisimama juu ya pedali, tairi la nyuma linakosa uzito na kuteleza. Unapanda ukiwa umekaa, umesogea ncha ya kiti, kifua chini, viwiko vimelegea. Ndani, tairi la kuteleza halipo, hivyo wote wanasimama na kuyumbisha miili kama wanakamua nguo. Kuinama kwenye kona ni hivyohivyo: mlimani ni baiskeli inayolala, ndani ni kiuno peke yake kinachopinda, na goti linatoka kwenye mstari wake wakati limebeba mzigo. Atakayekwenda Lushoto akiamini ameshajifunza huku kwetu atajifunza upya akiwa amekaa chini.

Tuje kwenye mteremko sasa. Baiskeli nyingi za spining hazina friwili. Gurudumu lake la mbele, zito, aghalabu kilo 18 hivi, limeunganishwa na pedali moja kwa moja, likizunguka na miguu inazunguka. Mlimani unaposhuka huzungushi kitu. Unasimama, pedali mbili zimelala sawa, nyonga nyuma, kidole kimoja kwenye kila breki, mapaja yanaungua kwa kushikilia tu. Miguu inapumzika kukanyaga, kichwa na mikono ndiyo inafanya kazi. Ndani ni kinyume kabisa.

Darasa langu la kwanza la Lushoto nilisema "tunashuka, legezeni". Kaka mmoja wa mstari wa pili alilegeza nobu yote. Gurudumu likamchukua. Makalio yakaanza kuruka juu ya kiti, tap tap tap, raba ya kulia ikachomoka kwenye mkanda, na pedali ikawa inamfuata ugoko kama mbwa. Akasahau kwamba nobu ukiibonyeza chini ndiyo breki. Nilishuka kwangu, nikamfikia, nikaibonyeza mimi. Alipata mchubuko tu na kicheko cha wenzake, lakini kosa lilikuwa langu. Neno "legezeni" nililitoa mlimani na kulileta mahali ambapo lina maana nyingine.

Wageni wana hatari nyingine pia, na hii haina kichekesho. Madaktari wameshaandika visa vya watu waliolazwa baada ya darasa lao la kwanza kabisa la spining, misuli ya mapaja imevunjika, mkojo umekuwa wa rangi ya soda ya kola, figo zinahangaika. Hadithi nzuri inamsahaulisha mtu maumivu, na kwa mgeni maumivu ndiyo ngao pekee aliyo nayo. Kwa hiyo mwenye siku ya kwanza anafika Soni, anateremka, anakunywa maji. Nimeshanuniwa kwa hilo mara kadhaa.

Kwa mteremko wenyewe nimeacha kukimbiza miguu. Tukifika Irente tunapunguza taratibu, tunalisimamisha gurudumu kabisa na kukaza nobu mpaka mwisho. Hii ni kwa baiskeli ambazo gurudumu lake hubanwa na pedi, zile zinazokazwa kwa sumaku hazishiki gurudumu lililosimama. Kisha tunainuka, pedali sawa, magoti yamekunjwa, nyonga nyuma, macho mbele, sekunde 40. Tunapumzika, tunabadili mguu wa mbele, tunarudia. Ni mkao uleule wa kule, na mapaja yanatetemeka vilevile. Mwenzangu anasema nimeua darasa: mapigo ya moyo yanashuka, muziki unapigia watu waliosimama, na mtu anayepita dirishani anaona baiskeli 16 zisizotembea zimepandwa na watu 16 wasiotembea. Yuko sahihi kwa kila neno, na bado sijapata njia bora zaidi.

Jumamosi iliyopita, sekunde ya 30 hivi ya mkao huo, chumba kimya, jasho linadondoka kwenye usukani, mama mmoja wa mstari wa nyuma akaniita bila kugeuza shingo: "Mwalimu, tunashuka au tumeharibikiwa?"