Barua ya Malalamiko

Nyumba yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kati ya dirisha la chumba ninacholala na spika ya baa ya jirani kuna ukuta mmoja wa matofali na mpapai dume usiozaa kitu. Mimi situmii kileo. Hata hivyo, ukizihesabu saa nilizokaa katika baa ile tangu mwaka uanze, utadhani nina hisa.

Kinachonipeleka ni kwamba kila mtu ninayemhitaji hapatikani kwingine. Fundi bomba, ambaye simu yake huzimika kuanzia saa 3 asubuhi, utamkuta saa 11 jioni chini ya mwembe wa baa akicheza drafti kwa vizibo, vya bia vikiwa vyake na vya soda vya mpinzani, na ukimkumbusha bomba linalovuja atakujibu kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu, ngoja nimle huyu kwanza." Nimewahi kusimama pale mpaka wakaliwa watu watatu. Kamati ya harusi ya mpwa wangu nayo ilifanya vikao vyake vyote pale, na kila mwenyekiti wa kamati aliposisitiza kuwa vinywaji havitatoka katika michango, mweka hazina alitazama juu, kwenye bati. Hata misiba hutangazwa pale kabla haijatangazwa msikitini au kanisani. Nakiri, bila kupenda, kwamba jirani yetu alipofariki wakati wa masika, waliochimba kaburi ni hao ninaowaita walevi, huku mimi nikiwa nimeshika mwavuli.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtafuta mwenyekiti wa mtaa, nikiwa na bahasha ya kaki yenye barua ya kulalamikia kelele za baa hiyo hiyo. Kabla sijamfikia, nilivutwa kiti na kufanywa hakimu. Mchuuzi wa dagaa na dereva wa hais walikuwa wakibishana kuhusu nani aliyeizamisha Liemba. Nikaeleza kwamba meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Kwamba Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha mwaka 1916 ili adui asiichukue, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito wakitumaini kuirudia. Na kwamba Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Dereva, ambaye alikuwa amewatetea Wajerumani kwa nguvu zote, alisema atakata rufaa. Mchuuzi akaniagizia soda ya kunipongeza, na kizibo chake kikabaki mezani mbele yangu. Mhudumu alipopita kufanya hesabu hakuuliza historia. Alihesabu vizibo, nami nikalipa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa meza ya pili, akimchambua mgebuka wa kuchoma kwa vidole vya mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alitoa mhuri mfukoni mwa shati, ukiwa umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaniomba nimsomee barua kwa kuwa mikono yake ina mafuta. Nikaanza. "Paza sauti, Mwalimu, sikusikii," akasema, na kwa kweli hata mimi sikuwa nikijisikia. Mama mwenye baa akazima muziki ili nisikike.

Nilisoma aya zote nne katika utulivu ambao sijawahi kuuonja nikiwa kitandani kwangu. Nilipomaliza walipiga makofi. Mwenyekiti alisema inahitajika sahihi ya majirani, na wa kwanza kusaini akawa fundi bomba, kwa hoja kwamba muziki humzuia kumsikia mtangazaji wakati wa mechi ya Simba na Yanga. Wa pili akawa mama mwenye baa, aliyesema kuwa yeye pia ni jirani na kichwa humuuma. Mhuri ukagongwa juu ya alama ya duara iliyoachwa na kitako cha chupa, kiasi kwamba barua yangu sasa ina mihuri miwili.

Nikauliza ni siku gani nitampata afisa mtendaji wa kata ofisini ili nimkabidhi. Watu wote wakageukia meza ya kona, ambako bwana mmoja mwenye vizibo vinne mbele yake alininyooshea mkono kuipokea bahasha, na muziki ukawashwa.