Gari Langu Liseme Kama Shangazi

Gari nililonunua mwaka juzi lilishushwa bandarini Mombasa likiwa bado linasema Kijapani. Kila asubuhi nikiwasha injini, sauti ya mwanamke mpole ilitoka chini ya usukani: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Aliyewahi kumiliki gari la kutoka Japani hapa Nairobi anaijua sentensi hiyo kwa moyo, hata kama hajui maana yake. Mimi niliishi nayo miezi kadhaa, mpaka fundi mmoja wa Kirinyaga Road aliponieleza kwamba mama yule ananikumbusha tu kuwa sijachomeka kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Ramani ya kwenye skrini ya redio nayo ilikuwa haijahama Japani. Niko barabara ya Outering hapa Nairobi, nyuma ya lori la mchanga, na mshale kwenye skrini umetulia kando ya bahari ya Nagoya.

Fundi aling'oa kile kidude cha kadi, yule mama akanyamaza. Katika kimya kile ndipo lilipoanza swali ambalo halijanitoka: gari likiwa lazima liseme, kwa nini lisiseme kama watu wetu?

Najua wapo wanaoona kubadilisha sauti na picha za kifaa cha ramani ni urembo, sawa na kubandika stika kwenye kioo. Sikubaliani nao hata kidogo. Ile sauti ndiyo inayokwambia ufanye nini ukiwa na sekunde tatu za kuamua, matatu imekubana kushoto, bodaboda inapenya kulia, na sheria haikuruhusu kushika simu. Ile picha ndiyo unayoitupia jicho mara moja na kurudisha macho barabarani. Neno usilolielewa papo hapo ni hatari, si upungufu wa lafudhi.

Yalinikuta mwenyewe. Nilikuwa nakwenda Kawangware kumjulia hali mgonjwa, upande wa mji nisiouzoea, na simu ikiniongoza kwa Kiingereza. Tangu nyumbani ilikuwa inaniambia "Joguu" badala ya Jogoo na "Yuhuru" badala ya Uhuru, na nilishazoea kuvumilia. Nilipofika ng'ambo ya pili ya mji ikaniamuru niingie "Jitanga". Nikajiuliza, Jitanga ndiyo ipi? Gitanga Road naijua kwa jina tangu utotoni. Jitanga sijawahi kuisikia. Nikapunguza mwendo nisikilize tena, na gari la nyuma likanigonga bampa. Hakuna aliyeumia. Mwenzangu alishuka akanifokea, nikamwomba radhi, tukaachana. Lakini niliporudi nyumbani niliamua kwamba sauti ile haitaniongoza tena.

Kurekodi sauti yako mwenyewe si jambo geni. Garmin, watengenezaji wa vifaa vya ramani vya gari, waliwahi kutoa programu ya bure iliyoitwa Voice Studio, ambayo ulitumia kurekodi maneno kwenye kompyuta kisha ukayahamishia kwenye kifaa. TomTom, washindani wao, walikuwa na vifaa ulivyoweza kuvirekodia sauti yako moja kwa moja kwa maikrofoni yake. Waze, programu ya ramani ya simu, waliwafungulia watumiaji mlango huo mwaka 2017. Na hata zile sauti tunazodhani ni za mashine zina wenyewe: Karen Jacobsen, mwimbaji kutoka Australia, alirekodi sauti yake huko New York mwaka 2002, na ikaishia kuelekeza magari duniani kote. Sina ugomvi na mama huyo. Ninachosema ni kwamba naye ni mtu wa mahali fulani, aliyesema kama wanavyosema kwao. Basi na sisi tuna kwetu.

Mimi niliishia kwenye redio ya Android, yenye skrini na programu kama simu, niliyofungiwa na kijana mmoja wa Luthuli Avenue, nikaweka OsmAnd, programu ya ramani isiyohitaji intaneti barabarani. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, ile ramani ya wazi ambayo vijana wa Kibera waliingiza vichochoro vyao mwaka 2009, wakati ambapo ramani nyingine zilionyesha mtaa wao kama doa tupu. Nilichokipenda ni kwamba sauti yake inaweza kuwa mafaili ya kawaida: kipande kimoja cha sauti kwa neno moja. Anayejua kunakili faili anaweza kubadilisha sauti.

Nikamwomba shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na alikuwa amekuja kukaa nasi likizo ya Agosti. Nilichagua sauti yake kwa sababu haina haraka na haipotei katika kelele. Akisema neno sebuleni, jikoni wanalisikia bila yeye kupaza sauti. Tulirekodi ndani ya gari, usiku baada ya saa nne, matatu zilipopungua mtaani. Nilitandaza blanketi juu ya dashibodi ili sauti isidunde kwenye kioo. Yeye kiti cha mbele, leso mabegani, miwani puani. Mimi kiti cha dereva, kompyuta mapajani, orodha ya maneno kwa Kiingereza mbele yangu.

La kwanza lilikuwa la kupinda kulia. Akafikiri, akasema, "Shika mkono wa kulia."

"Shangazi, hiyo ni ya kukaa upande wa kulia. Hapa nataka gari ligeuke."

"Aa, basi hiyo ni kupinda. Si ungesema? Pinda kulia."

Papo hapo nikaona tulichokuwa tunakikosa. Kuna *shika*, na kuna *pinda*. Kushika kushoto ni kukaa upande wako njia zinapogawanyika. Kupinda kushoto ni kuiacha barabara uliyokuwa nayo. Amri hizi mbili huishia na neno lile lile, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na mara nyingi nimemwona dereva mgeni akipinda alipotakiwa kushika. Lakini kwa Kiswahili cha shangazi sikio langu linakamata kitenzi papo hapo, kabla sentensi haijaisha.

Namba ndizo zilizotutoa jasho. Programu za aina hii huunganisha sentensi kwa vipande, na mpangilio niliokuwa nao ulikuwa wa Kiingereza: neno la kuanzia, namba, kipimo, halafu amri. Tulipojaribu mara ya kwanza, gari likasema, "Baada ya mia mbili mita, pinda kulia." Shangazi alivua miwani akanitazama. "Nani anasema hivyo, mwanangu?" Hakuna anayesema hivyo. Tulichofanya ni kurekodi kipimo na namba pamoja katika kipande cha namba, "mita mia mbili", "mita mia nne", na kile kipande cha kipimo tukakiacha kimya kabisa. Hila ndogo, lakini sentensi ikasimama. Ningependa kila anayejaribu kazi hii aijue, kwa sababu wengi wanakata tamaa hapo na kurudi kwenye Kiingereza, wakidhani kasoro ni ya Kiswahili.

Kwa raundabauti alisema "kipilefti", neno alilozoea kwa jamaa zetu wa Tanga. Nilisitasita, kwa sababu Nairobi hatulisemi, lakini nikaliacha: linaeleweka, na ni fupi. Kwa kufika akasema, "Tumefika, alhamdulillahi." Na kwa lile neno la kuhesabu njia upya, ambalo kwa sauti ya kiwandani linanikaa kama karipio la mwalimu, alinyamaza kidogo, akaegemea karibu na maikrofoni: "Haidhuru, mwanangu. Tutatafuta njia nyingine."

Sauti ya kurekodi haiwezi kukusomea majina ya barabara. Inasoma tu yaliyorekodiwa, na hakuna shangazi atakayekaa kutamka kila kichochoro cha mji huu. Wengi hulihesabu hilo kama hasara kubwa. Mimi nililihofu kwa siku mbili tu, kisha nikagundua kwamba Nairobi haijawahi kuelekezana kwa majina ya barabara. Muulize mtu njia ya kwenda kwake: atakwambia shuka hadi steji ya mwisho, pita msikiti, ukiona kituo cha mafuta pinda, uliza hapo kwa muuza makaa. Jina la barabara hulijui mpaka siku ya kuandika barua. Kwa hiyo kilichohitajika si mashine ya kusoma vibao, bali alama zilizo kwenye ramani yenyewe. Hapo ndipo zinapoingia aikoni, zile picha ndogo za kwenye skrini.

Aikoni ya gari lako kwenye skrini ndiyo watu wanayokimbilia kwanza, na ndiyo yenye faida ndogo zaidi. Kuna picha za magari ya mbio, za malori, za kila kitu. Nilijaribu picha ya gari linaloonekana kwa nyuma, jekundu, limechorwa vizuri. Kufika Museum Hill, ambako njia zinapishana juu na chini, likafunika makutano yote. Nikarudi kwenye mshale. Mshale una ncha, na ncha inakwambia umeelekea wapi bila kuhitaji kufikiri. Ukitaka urembo, badilisha rangi. Mimi nimeweka chungwa, kwa kuwa buluu inapotea jua la saa tisa likipiga kioo.

Faida kubwa iko kwenye aikoni za mahali. Programu yangu inaniruhusu kuweka alama, nichague picha na rangi yake mwenyewe. Nimeweka pembetatu nyekundu kwa matuta yasiyochorwa rangi, ambayo usiku huyaoni mpaka umeyapanda. Nimeweka basi la kijani kwa steji, kwa sababu karibu na steji matatu husimama bila kukuonya. Nimeweka tone la maji kwa sehemu zinazofurika mvua za Aprili. Nilianza na matuta ya njia yangu ya kwenda kazini. Sasa nina alama zaidi ya 100, na ndugu yangu wa Githurai amenakili faili hiyo akaongeza zake.

Anayetaka kuandika mwenyewe namba za mahali pa alama zake aangalie kile kistari cha kutoa. Nairobi iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni -1.29, longitudo ni 36.82. Mara ya kwanza nilisahau kistari kile, na matuta yangu yote ya Eastlands yakahamia Samburu, karibu na Maralal. Ukikumbuka kistari lakini ukabadilisha nafasi za namba, yanazama katika Bahari ya Mediterania, upande wa Uhispania. Kistari kimoja tu. Kikague mara mbili.

Kuna mahali ambapo hata hayo yote hayatoshi, napo ni Expressway. Ile barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya barabara ya zamani. Kwa ishara za setilaiti, kifaa kinajua vizuri uko wapi kwa usawa wa ardhi, lakini kimo kinakikisia vibaya zaidi; basi mara nyingine kinaamini uko juu na wewe uko chini kwenye foleni. Mji wetu unahitaji maneno mawili ambayo sijayaona katika orodha za watengenezaji: "panda juu" na "baki chini". Nimeongea na madereva wa teksi watatu juu ya hili, na wote watatu waliniambia maneno hayo hayo kabla sijayataja. Watu tayari wanayo lugha ya barabara hiyo, ni kifaa tu ambacho hakijaulizwa.

Hili ndilo linaloniuma kuhusu programu nyingi za simu za leo. Zinakupa orodha ya sauti, ukachague mtu maarufu, ukachague kijigari cha rangi unayopenda, na zinauita huo uhuru. Lakini faili zimefungwa. Huwezi kuongeza sentensi moja, huwezi kupanga namba nyuma ya kipimo, huwezi kuirudishia Lang'ata ritifaa yake ili mashine iache kuitamka kama jina la mahali pengine. Ninachoomba si waajiri msemaji wa Kiswahili na kutuletea sauti moja ya kututosha sote, kuanzia Lamu hadi Busia. Waache mlango wa faili wazi, kazi tutaifanya wenyewe. Mji huu umezoea. Waliposikia "Carrier Corps", jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wazee hawakungoja ruhusa ya mtu. Walisema Kariokor, na Kariokor ndiyo iliyoandikwa kwenye matatu mpaka leo.

Mwezi uliopita shangazi alirudi Nairobi kumwona daktari. Nilimpokea kwenye kituo cha reli cha Syokimau, nikawasha ramani bila kumwambia kitu. Tulipotoka getini, sauti yake ikasema, "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto." Aligeuka akaitazama redio, akakunja leso mapajani, akasikiliza kimya mpaka tulipokaribia mjini. Kwenye makutano moja nilipitwa na njia, na gari likasema haidhuru, tutatafuta njia nyingine.

"Ee, tafuta," akalijibu.

Kisha akanigeukia. "Ile 'shika kushoto' niliisema mbio mno, hata mimi sijaisikia sawasawa. Lete ile kompyuta leo usiku, tuirudie."