Matibabu ya bure Burundi: deni alibeba nani?

Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure, na wajawazito watajifungua bila kulipa. Nchi ilikuwa bado inanuka baruti. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993 vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na kundi la waasi la FNL lilikuwa bado halijaweka silaha chini. Vituo vya afya havikupata hata nafasi ya kuagiza dawa za ziada. Tangazo lilitoka, na akina mama wakaanza kupanga foleni.

Tangu hapo mjadala haujaisha. Wapo wanaosema tangazo lile liliokoa watoto, na wapo wanaosema liliua vituo vya afya. Nadhani pande zote mbili zina hoja, ila zinagombania swali ambalo si lenyewe.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 2002, vita vikiendelea, Burundi ilianza kumtaka mgonjwa alipe gharama zake mwenyewe: kumwona mganga, vipimo, dawa. Familia ziliuza mbuzi, nyingine ziliuza mavuno yakiwa bado shambani. Aliyeshindwa kabisa alizuiwa hospitalini. Mwezi Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi hospitali za nchi hiyo zilivyokuwa zikiwashikilia wagonjwa waliopona lakini hawana pesa, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji pamoja na watoto wao wachanga. Mtoto ana siku chache duniani na tayari yuko rumande kwa deni.

Hata hivyo, wanaotetea ada si watu wasio na huruma. Fikra yao ina historia. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubaliana kwamba mwananchi achangie kidogo, pesa ibaki kituoni, inunue dawa za mwezi ujao. Mganga anayesimamia kituo cha afya kijijini anaielewa hoja hii kuliko mchumi yeyote. Akiwa na pesa kidogo kwenye droo, glavu zikiisha anatuma mtu mjini. Asipokuwa nayo, anaandika barua wizarani na kusubiri. Mkono mtupu haulambwi, na hata mgonjwa akishaona rafu za dawa ni tupu, haji tena.

Hoja yao nyingine, kwamba huduma ya bure hujaza kituo watu wenye mafua tu, kwangu haina uzito. Mama aliyevuka milima miwili na mtoto mgongoni hakwenda kutembea. Isitoshe, kwa malaria ya mtoto mdogo tunataka aje mapema, wakati bado tunadhani ni homa ya kawaida, kwa sababu inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili. Ada, hata ndogo, kazi yake ya kwanza ni kumwambia mama asubiri hadi kesho.

Lakini yaliyotokea baada ya Mei 2006 yaliwapa wapinzani silaha. Wagonjwa walifurika kuliko wauguzi waliokuwepo. Kituo kilitakiwa kutibu kwanza, kujaza makaratasi kwa kila mtoto, kuyapeleka, kisha kungoja serikali irudishe fedha. Fedha zilichelewa kwa miezi. Dawa zikaisha, na mzazi aliyeambiwa huduma ni bure akatumwa duka la dawa la mtaani. Wazazi wa Tanzania hawahitaji kusimuliwa hili. Sera yetu nayo inamsamehe mtoto wa chini ya miaka 5, na bado sentensi inayosikika dirishani ni ile ile: dawa hakuna, kanunue nje.

Ndiyo maana nasema swali la bure au kulipa si lenyewe. Bili haifutwi na tangazo, inabebwa na mtu mwingine. Kabla ya 2006 aliibeba mzazi. Baada yake aliibeba muuguzi na rafu ya dawa, kwa muda wote ambao hazina ilikuwa haijalipa. Kinachofaa kupimwa ni muda huo.

Burundi yenyewe ililiona. Mwezi Aprili 2010 iliunganisha huduma ya bure na utaratibu wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika: idadi ya watoto waliotibiwa na ubora wa huduma vinahakikiwa, kisha kituo kinalipwa. Fedha zilitoka serikalini na kwa wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 96 walikuwa wakifa kabla ya kufikisha miaka 5. Ule wa 2016-2017 ulikuta 78. Kujifungulia katika vituo vya afya kulipanda kutoka asilimia 60 hadi 84.

Siwezi kuyapa matibabu ya bure sifa yote hiyo. Katika miaka hiyo hiyo vyandarua viligawiwa, chanjo mpya zikaingia, na vifo vya watoto vilishuka pia kwa majirani. Tena tafiti hizo hizo zina namba inayonisumbua zaidi: watoto waliodumaa walikuwa asilimia 58 mwaka 2010, na miaka sita baadaye bado 56. Kituo kinamtibu mtoto malaria, kinamrudisha kwenye sahani ile ile.

Kisha ikaja 2015, mgogoro uliozuka Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu. Mwezi Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali, hadi 2022. Wafadhili walikuwa na sababu zao za kisiasa, na nyingine nzito. Ila ilidhihirika jinsi ahadi ya rais kwa watoto ilivyokuwa imeegemea mifuko ya watu wa nje. Miaka ya karibuni fedha za kigeni zimekuwa adimu, mafuta ya gari yamekosekana kwa miezi, na madaktari wengi wameondoka kutafuta mishahara kwingine. Matibabu yanaweza kuwa bure kabisa hospitalini, mtoto akaishia njiani kwa kukosa gari la kumfikisha.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: mtoto aliyetimiza miaka 5. Jana homa yake ilikuwa deni la serikali, leo ni deni la baba yake. Kwake ipo kadi ya bima iitwayo CAM, ambayo familia huilipia faranga 3,000 kwa mwaka, nayo hugharamia asilimia 80 ya matibabu. Kwa kidonge cha minyoo inatosha. Kwa upasuaji, au kuongezewa damu, ile asilimia 20 inayobaki haipatikani kwa mkulima wa Cankuzo au Karusi anayeuza maharage mara moja kwa msimu, labda auze kipande cha ardhi. Na vituo navyo vimelalamika kwamba fedha za kadi hiyo hazirudishwi kwa wakati. Kwa hiyo senti ya kwanza ikipatikana, mimi nisingejenga hospitali mpya. Ningelipa madeni ya vituo hadi ya mwezi uliopita, kisha ningeanza kuusogeza ule umri wa miaka 5, hata kama ni kufikia miaka 10 tu.